Nyongeza ya Mama Perez

Kazi ya kupanda na kuuza dawa za miti imenigharimu jino moja, sufuria tatu, kuku kumi na nne ambao hawakuwa wangu, na siku moja na nusu chooni. Nimehesabu mara mbili. Mara ya pili nilipata kuku kumi na tano, lakini huyo wa mwisho Mama Perez mwenyewe alikubali kwamba alikuwa ameshakufa kabla mimi sijaingia katika habari yake, kwa hiyo nimemtoa.

Nawaandikia nyinyi wanne mnaobaki na shamba la Nyamasaria na meza ya Kondele. Magoti yangu yamekataa kuinama, na kazi hii haifanywi na mtu aliyesimama wima. Mmeniuliza mara nyingi kwa nini mezani kwetu hakuna nyongeza hata ya jani moja, na wauza nyanya wanaotuzunguka wanaongeza mpaka mteja mwenyewe anaona haya. Nimekuwa nikiwajibu, "Ndivyo ilivyo." Hilo si jibu, ni mlango wa kufunga. Jibu lenyewe ni refu, lina kanisa ndani yake, na mwisho wake kuna shida ambayo sijui niitatue vipi.

Nilianza Kondele mwaka wa themanini na mbili. Sikuanza na dawa, nilianza na nyanya na vitunguu. Nilikuwa na mdomo. Mtu akiwa bado ng'ambo ya barabara nilikuwa nimeshamwita kastoma, nimeshamsifu viatu, nimeshamuuliza habari za watoto ambao huenda hakuwa nao. Lakini silaha yangu kubwa ilikuwa nyongeza. Mteja akichukua fungu la nyanya nne, namtupia ya tano kwa mkono wa kushoto kama mtu anayejiibia mwenyewe. Anaondoka akicheka. Hakuna aliyewahi kugundua kwamba zile nne zilikuwa ndogo kidogo kuliko za jirani.

Kando yangu aliketi mwanamke mzee kutoka upande wa Bondo, jina lake Siprosa. Soko zima tulimwita Dani, ndiyo bibi kwa Kijaluo. Alikuja Jumanne na Alhamisi, akatandika gunia, akapanga magome na majani makavu, kisha akakunja mikono. Hakumwita mtu. Hakusifu kiatu cha mtu. Ikifika saa sita, gunia lake ni tupu, na mimi nimekauka koo na nyanya bado zinaniangalia.

Siku moja nikashindwa kuvumilia.

"Dani, wewe unauza bila kuita watu. Unatumia nini?"

"Natumia kunyamaza."

"Hiyo inapandwa wapi?"

Akanitazama kutoka kichwani hadi kwenye ndala. "Kwako haiwezi kumea."

Lakini miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba, na safari ya kutoka Bondo mara mbili kwa wiki ilikuwa inamshinda. Alitaka mtu wa karibu na mji atakayepanda na kuchuma. Alinichagua mimi kwa sababu moja tu, na aliniambia bila kunipaka mafuta: aliniona kila jioni nikihesabu nyanya zilizobaki mara mbili. "Mdomo tutautengeneza," alisema. "Kuhesabu hakufundishwi."

Siku yangu ya kwanza ya kazi nilikwenda kwake Bondo nikiwa na jembe begani, tayari kulima. Akaliweka jembe nyuma ya nyumba, akanifunga macho kwa leso, akanipa ungo wenye majani ya aina sita yaliyochanganywa. Nitenge kwa kunusa na kupapasa. Mchaichai niliujua, mwarobaini niliujua, mrehani ulinipigisha chafya tatu lakini niliujua. Mwisho alinifungua macho. Nilikuwa nimepata nne.

"Nne kwa sita, Dani. Si mbaya kwa siku ya kwanza."

"Si mbaya," akasema. "Wale wawili tutawazika kesho."

Nilirudi kwenye ule ungo kila wiki kwa miezi mitatu, mpaka tukaacha kuzika watu.

Mengine nimewaonyesha kwa mikono, lakini nayaweka hapa kwa sababu mikono husahau. Majani huchumwa umande ukishakauka na jua likiwa bado halijawa kali. Ukichuma yakiwa na maji, yanaota ukungu. Ukichuma mchana, harufu imeshaondoka na wewe unauza majani kama ya kulisha mbuzi. Gome huchukuliwa upande mmoja wa mti, kipande kisichozidi kiganja, kisha kidonda kinapakwa tope lililochanganywa na kinyesi cha ng'ombe. Mwaka unaofuata unakwenda upande wa pili. Anayezungusha kisu mti mzima amejipatia dawa ya wiki moja na kuni za mwezi. Kukausha ni kivulini. Mimi mwanzoni nilijiona mwerevu, nikaanika juu ya mabati ili mambo yaende haraka. Dani alichukua jani moja, akalivunja likalia kama chapati ya jana, akauliza kama nina chai ya kulia hiyo kitu.

Sufuria zile tatu niliziunguza kwa kosa lilelile mara tatu: naweka magome motoni, mbuzi wa jirani anaingia shambani, natoka kwenda kugombana na jirani. Ugomvi mzuri una urefu wake. Jino lilitoka kwa sababu Dani alitaka kila gunia la magome lionjwe kabla halijafika sokoni, na gunia la mwaka wa themanini na nne lilikuwa na kokoto.

Kanuni zake zilikuwa chache. Usiuze usichokipanda au usichokijua mti wake. Homa ya siku mbili ni ya hospitali. Mtoto anayekataa kunyonya ni wa hospitali hata kama ni homa ya saa mbili. Na ya mwisho: dawa haina nyongeza. Hiyo ya mwisho niliisikia kama mtu anavyosikia mvua ikinyesha mtaa mwingine.

Shida yetu ilikuwa ardhi. Nyumba ya kupanga haina hata pa kuanika soksi. Lakini nyuma ya kanisa letu Nyamasaria palikuwa na kipande kilichojaa matofali yaliyovunjika, magugu, na nyoka ambaye kila mtu alidai amemwona lakini kwa rangi tofauti. Nikamwendea Mzee Elisha, mwenyekiti wa wazee wa kanisa.

"Mzee, nitawafyekea pale bure."

"Bure yako naijua, Mama Awuor. Nanunua nyanya kwako."

"Nifyeke, nipande vitu vyangu kidogo."

"Na kanisa linapata nini?"

"Linapoteza nyoka."

Akafikiri. "Maua ya madhabahu kila Jumapili."

"Jumapili moja kwa mwezi."

"Mbili. Na mchaichai wa chai ya wazee."

Nikashika kichwa, nikalia kwamba ananiua, nikakubali. Nilikuwa nimeingia pale nikiwa tayari kutoa maua kila Jumapili na kupiga deki. Tulikubaliana kwa mdomo kwamba shamba ni la kanisa, mimea ni yangu, na siku nikileta aibu, wazee watang'oa kila kitu. Neno aibu sikulijadili. Nilidhani ni la watu wengine.

Dani alipoona shamba limelimwa alileta mche mmoja ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia. Ulikuwa wa roko, mti wenye miiba minene kama chuchu za mbwa, ambao gome lake ni dawa ya kikohozi na koo. Mama mkwe wake alikuwa nao, yeye akaupata kutoka kwa mama huyo, na ule mkubwa wa Bondo ulikuwa umeanza kukauka juu.

"Huu sijakupa wewe," alisema. "Nimeupa udongo. Ukishika mizizi hauhamishwi, utakufa. Wewe kazi yako ni kukaa karibu nao na usifanye ujinga."

Udongo wa Nyamasaria ni ule mweusi unaovua mtu kiatu wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi mpaka unapoteza jembe ndani. Roko uliupenda. Mwaka wa nane ulikuwa umenipita kimo, na ule wa Bondo ulikuwa umeshaanguka. Huu wetu ndio uliobaki.

Kesi ngumu nilizipata, na nyingi hazikuhusu ugonjwa. Bwana mmoja alitaka dawa ya kumfanya mama mkwe wake arudi kwake. Nilimuuzia mchaichai na kumshauri ampikie mwenyewe. Alifurahi sana yule mama, akakaa mwezi mwingine. Mwanafunzi alitaka dawa ya mtihani. Nilimwambia ipo, inaitwa daftari. Lakini ipo na nyingine ambayo sina mzaha nayo. Mama mmoja alikuja na mtoto mgongoni, akataka mwarobaini, na nilipomshika mtoto nikaona shingo haitii. Nilimwambia aende hospitali. Akasema kwanza mwarobaini. Nikafunga meza, nikambeba mtoto mwenyewe, nikaenda mbele na mama akanifuata nyuma akinitukana hadi mlangoni kwa daktari. Mtoto yule sasa ananipita kimo, na mama yake bado hanisalimii vizuri. Haidhuru. Tuendelee.

Mwalimu Zakayo alikuwa mwalimu wa kwaya yetu. Mtu mwembamba, koo kubwa, anaongoza kwa mkono wa kulia peke yake, wa kushoto ameuweka mgongoni kama anaficha kitu. Alikuwa na sheria moja kwa waimbaji: sauti ya mwisho haiachiwi mpaka ngumi yake ifungwe. Aliyeachia mapema aliketi nje Jumapili mbili.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini tuliambiwa mgeni mkubwa kutoka makao makuu atakuja Jumapili. Ijumaa, koo la Mwalimu likaziba. Mkewe, Mama Perez, akaja mezani kwangu Kondele. Huyu mama ni mfupi, anabeba kikapu kikubwa kuliko yeye, na katika soko lile ni mimi na yeye tu tulioogopana.

Nikampa fungu la roko lililofungwa kwa kamba ya mkonge.

"Mama Awuor, hii ni kidogo hivi?"

"Ni ya mtu mmoja. Mwalimu ana koo ngapi?"

"Ni moja lakini umeliona. Niongezee."

"Dawa haina nyongeza."

"Nani amesema?"

"Dani."

"Dani ako wapi?"

Dani alikuwa Bondo na miguu yake. Mama Perez akatua kikapu chini ili apate mikono yote miwili ya kuongea.

"Nimenunua vitunguu, nimeongezewa. Nimenunua omena, nimeongezewa. Hata sabuni ya kipande nimeongezewa kipande cha kipande. Nikuje kwako wewe, malkia wa nyongeza wa soko hii, niondoke kama mtu amenunua stempu posta? Yawa! Kweli dawa imekubadilisha."

Wale wauza nyanya wakacheka. Hapo ndipo paliponiuma. Wakati huo alikuwa amesema pia kwamba kuku wake wanakoroma na kulegea shingo. Basi nikachukua majani mawili manene ya shubiri, ile tunayoiita ogaka, nikayafungia ndani ya gazeti lilelile pamoja na roko. Kila mtu wa huku ziwani anajua kwamba kuku wakiugua, ogaka hupondwa ikatiwa katika maji yao ya kunywa. Kwa kuwa kila mtu anajua, sikusema kitu. Katika miaka yote ya kazi, hiyo ndiyo mara moja niliyotumia ile dawa ya Dani ya kunyamaza, na niliitumia mahali pasipo pake.

Jumapili kanisa lilijaa. Kwaya yetu ilikuwa na watu ishirini na wawili. Najua idadi yao kwa sababu niliwahesabu kila mahubiri yaliporefuka, mara mbili. Mgeni ameketi mbele. Mwalimu Zakayo akasimama, na ubeti wa kwanza koo lilikuwa safi kabisa. Nikajiinua kidogo kwenye benchi ili watu waone nani aliyelisafisha. Ubeti wa pili niliona mkono wa kushoto umetoka mgongoni na kushika tumbo. Ubeti wa tatu mkono wa kulia ukaanza kwenda mbio, na kwaya, ambayo ilimtii kuliko ilivyowatii wazazi wake, ikaenda mbio pia. Wimbo wa mazishi ya dhambi ukawa kama wa harusi. Wakafika Amina. Mwalimu akainua mkono juu kuishika ile sauti, uso ukambadilika, akatembea kuelekea mlango wa pembeni, mkono ungali juu, kisha akatoweka.

Ngumi haikufungwa.

Watu ishirini na wawili wakaendelea kushika Amina. Waliangaliana. Hakuna aliyetaka kuketi nje Jumapili mbili. Walianza kupokezana pumzi, hawa wakishuka wale wanapanda. Watoto waliacha kulia wakasikiliza. Mama mmoja wa sauti ya kwanza alikaa chini taratibu bila kuiachia. Hatimaye Mwalimu alionekana dirishani kutoka upande wa vyoo, akafunga ngumi, na kanisa likanyamaza. Mgeni alisimama akasema amezunguka makanisa mengi, hajawahi kusikia Amina ya namna ile.

Nilijua. Sikuhitaji kuhesabu mara ya pili.

Jumatatu asubuhi Mama Perez alinikuta shambani.

"Ulimpa nini mume wangu?"

"Roko. Wewe ulimpa nini?"

"Kile chote ulifunga. Nilichemsha pamoja."

"Na ogaka? Mama Perez, ogaka ilikuwa ya kuku!"

"Ya kuku iko wapi? Nilinunua dawa ya koo, nikaomba nyongeza, ukanipa nyongeza. Nyongeza ya dawa ya koo ni dawa ya koo. Umewahi kununua omena ukaongezewa sabuni?"

Alikuwa na haki. Katika soko letu nyongeza ni ya kitu kilekile ulichonunua, hata mtoto anajua. Ni mimi niliyechanganya soko na shamba.

"Na kuku?" nikauliza.

"Kumi na nne wameenda. Na mmoja."

Kuku nilimlipa kwa vifaranga, polepole, na hilo limekwisha. Lakini Mzee Elisha alituma ujumbe: Jumamosi wazee watafika na majembe. Aibu imeletwa. Yeye hakujua ni mmea gani uliofanya kazi ile, kwa hiyo hukumu ilikuwa ya mimea yote. Mchaichai ningeweza kuuhamisha, shubiri hata ukiitupa juu ya jiwe inaota. Roko ungekufa siku hiyo hiyo.

Alhamisi Dani alifika. Habari ilikuwa imemfikia Bondo kabla ya jasho la Mwalimu kukauka. Hakunisalimu. Alikaa kwenye tofali mbele ya roko, akanyoosha miguu.

"Ulimpa majani mangapi?"

"Mawili."

"Hesabu tena."

"Mawili, Dani."

"Chuma mawili. Chemsha."

Nikaelewa. Nikajaribu. "Dani, moja litatosha. Mimi ni mwembamba kuliko Mwalimu."

"Dawa haina nyongeza," akasema, "na haina punguzo."

Nilikunywa mbele yake mpaka chini ya kikombe. Msijaribu. Ile siku moja na nusu niliyoitaja mwanzo ndiyo hiyo, na Dani aliipitisha palepale nje akisuka mkeka, akinipa maji na chumvi kupitia upenyo wa mlango, na kuniuliza kila baada ya muda kama sasa najua ninachokiuza.

Jumamosi wazee saba walikuja na majembe. Nilikuwa nimeandaa hotuba tangu Jumatatu, ina sehemu tatu, lakini sikuwa na nguvu hata ya kuifungua. Niliegemea mpini wa jembe langu.

"Mama Awuor, una la kusema?" akauliza Mzee Elisha.

"Anzeni popote, Mzee. Mimi nakaa chini."

Hiyo haikuwa hila, ingawa mpaka leo wanasema ilikuwa hila. Walisogea kwenye mchaichai. Mzee mmoja akainua jembe.

"Huo ngoja," akasema Mzee Elisha. "Huo ni wa chai."

Wakaenda kwenye mwarobaini. Mtunza hazina wa kanisa akakohoa. "Huu nao... ng'ombe wangu hutumia."

"Ng'ombe gani?" mwenzake akamuuliza. "Si uliuza kabla ya Krismasi?"

"Niliuza ng'ombe, sikuuza ugonjwa."

Kwenye mrehani mmoja alisema mkewe anafukuzia mbu. Kwenye mnanaa mwingine alisema hajui ni wa nini lakini ana uhakika tumbo lake linajua. Hivyo ndivyo nilivyogundua kwamba watu waliokuwa wakihubiri Jumapili juu ya kuacha mizizi ya kienyeji walikuwa wateja wa wateja wangu. Lakini roko hakuna aliyeutetea. Una miiba, hauna harufu, na ndio dawa Mwalimu aliyonunuliwa. Majembe saba yakakusanyika hapo. Dani alikuwa ameketi kwenye tofali lake, mkeka mapajani. Niliona tu mikono yake imeacha kusuka.

"Huu sasa," akasema Mzee Elisha.

"Huo hauguswi!"

Tuligeuka wote. Mama Perez alikuwa ameingia na kikapu chake, na nyuma yake Mwalimu Zakayo, amekonda kidogo, mikono yote mgongoni.

"Mama, sisi tunamtetea mume wako," akasema Mzee Elisha.

"Mume wangu amepona. Mimi sijapona. Nilinunua roko kwa huyu mama, na nyongeza yangu ya roko sijapewa mpaka leo. Nilipewa ya kuku. Mkiung'oa huu mti, nitaongezewa na nani? Na wewe, Mzee? Uko na gome?"

Wazee wakaangaliana. Mzee Elisha alitafuta msaada kwa Mwalimu.

"Mwalimu, wewe ndiye uliyedhurika."

Mwalimu akatazama mti, akatazama viatu vyake. "Ubeti wa kwanza," alisema taratibu, "koo lilikuwa zuri."

Wakajitenga karibu na ukuta wakanong'ona kwa muda wa kuchemsha chai. Waliporudi Mzee Elisha alitoa hukumu. Shamba libaki. Mti ubaki. Lakini kuanzia siku hiyo hakuna nyongeza ya dawa itakayotoka katika ardhi ya kanisa, hata jani, na siku itakapotoka, majembe yatarudi na hayatauliza.

"Na yangu?" akasema Mama Perez.

"Tufumbe macho tuombe," akasema Mzee Elisha.

Dani alirudi kwenye kusuka. Jioni nilipomsindikiza alisema maneno mawili tu, kwamba mkeka umepinda. Alifariki miaka miwili baadaye akiwa usingizini kwake Bondo, na mkeka huo ndio mnaokalia mnapochambua magome. Upande wa kushoto, palipopinda, ndipo mikono iliposimama.

Mwalimu Zakayo alinijia uani Jumanne iliyofuata, akaangalia huku na huku, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba tangu Jumapili ile hajawahi kujisikia mwepesi vile, na kama naweza kumpa ile ya kuku, nusu tu. Nilimwambia ale mapapai na anywe maji. Anakula mpaka leo.

Sasa shida yangu. Tangu siku ile, kila Jumamosi, Mama Perez ananunua fungu moja la roko, hata koo likiwa zima, na kila Jumamosi anabaki amesimama, kikapu chini, akisema, "Na ile yangu?" Mimi najibu, "Kanisa limekataza." Yeye anasema, "Kanisa halikununua." Kisha anabeba kikapu anaondoka. Nimelifikiria jambo hili mara mbili. Mara ya kwanza naona nina deni la shukrani kwake na yeye ananidai nyongeza, na deni lake ni la kweli: mti huu umesimama kwa sababu ya gome ambalo sijampa. Mara ya pili naona nikimpa tu, Mzee Elisha, ambaye bado yuko hai na bado anakunywa chai ya mchaichai, analeta majembe, na mnaobaki bila shamba ni nyinyi, si mimi.

Mmoja wenu aliniambia kwamba nikistaafu deni linakufa. Mama Perez nilimjaribu na hilo wiki jana. Alisema deni halikustaafu, na akauliza nyinyi wanne mnaanza lini ili ajue wa kusimama mbele yake.

Fungu lake nimeshalifunga kwa kamba ya mkonge, na kando yake nimeweka kipande kimoja cha gome, kidogo, kisichozidi kidole. Bado sijakifunga pamoja. Mmekaa na mti huu muda wa kutosha, na kuanzia sasa majembe yakija yatakuja kwenu. Nishaurini nimpe au nisimpe, na mniambie kabla ya Jumamosi, kwa sababu yeye hajawahi kuchelewa.